Ripoti ya hiari ya uendelevu

Ripoti ya hiari ya uendelevu ni taarifa ambayo kampuni ya mafuta au gesi huitoa kwa umma, bila kulazimishwa na sheria, ikieleza athari zake kwa hewa, maji, ardhi na viumbe hai.

Historia
Meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, madai ya uwazi yalipata nguvu. Shirika la GRI, linalotunga miongozo ya ripoti hizo, lilianzishwa Boston mwaka 1997, likatoa mwongozo wa kwanza mwaka 2000 na kiwango cha sekta ya mafuta na gesi mwaka 2021.

Tanzania
Tathmini ya athari kwa mazingira ni lazima chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ripoti ya hiari huongezea hapo. Mradi mkubwa unaofuatiliwa ni bomba la mafuta ghafi la EACOP, lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Kampuni ya TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa za bomba hilo.

Udhaifu
Kampuni huchagua yenyewe cha kutaja na cha kuacha, na si kila ripoti hukaguliwa na mtu wa nje. Moshi mwingi hutoka mafuta yanapochomwa na mtumiaji, kama kwenye magari ya njia panda ya Bomang'ombe, wilayani Hai. Ripoti inayohesabu visima na mitambo pekee huuacha moshi huo nje.