Umurinzi na Sare: Alama za Udugu Mpakani Gisenyi

Petite Barrière ni kivuko cha waendao kwa miguu. Upande mmoja ni Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda. Upande wa pili ni Birere, mtaa wa Goma nchini Kongo, ulioegemea mpaka kama kibanda kilichoegemezwa ukuta wa jirani. Siku mawingu yanapoondoka, anayesimama hapo na kuelekeza macho kaskazini huiona milima ambayo kwa wenyeji wa Bugoyi, kama nchi hii ilivyoitwa kabla ya kuwa na wilaya, ilikuwa zaidi ya milima. Karisimbi, wenye mita 4,507, ulikuwa makao ya Ryangombe, shujaa aliyeabudiwa na jamii ya siri ya imandwa, na aliyekufa akiwa mtu wake alikwenda huko kunywa pombe na kuvuta tumbaku pamoja na wenzake. Nyiragongo, wenye mita 3,470 na moto usiolala, ulikuwa wa inzigo, yaani wale waliokufa bila kuingizwa katika jamii ya imandwa. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walipokubaliana Brussels kuhusu mipaka ya eneo hili, mstari ulipita Karisimbi na kuuacha Nyiragongo wote upande wa Kongo. Waliigawa ardhi, ila udugu hawakuugawa. Aliyebandwa, yaani aliyeingizwa katika jamii hiyo, huko Bugoyi aliendelea kuwa na ndugu zake ng'ambo, hata Bushi, ambako jina la Ryangombe, likitamkwa Lyangombe, lilijulikana kama lilivyojulikana Buha na Unyamwezi.

Naanza na milima hiyo kwa sababu inasaidia kurekebisha mazoea fulani katika kuandika juu ya vyama vya udugu. Wengi huvichunguza kwa yale vinayoyaficha: viapo, maneno ya siri, mambo yatendwayo usiku. Yale vinavyoyaonyesha mchana, kama nguo, medali, kofia na bendera, huhesabiwa kuwa mapambo au majivuno. Hoja yangu ni kwamba, katika historia ya mpaka huu walau, nguvu ya chama imekaa zaidi katika kile kinachoonekana. Alama iliyovaliwa hadharani ni deni lililotangazwa. Anayeibeba amewaambia watu asiowajua kwamba wanayo haki ya kumdai msaada, heshima na jibu, na kwamba akikosea wapo wengine wa kuulizwa. Mahali ambapo watu wengi hupita bila kujuana, tangazo la namna hiyo lina thamani kuliko siri yoyote.

Jamii ya imandwa inatoa ushahidi mzuri, hasa kwa kuwa ilikuwa na siri za kweli. Aliyekuwa akiingizwa alipewa baba na mama wa kubandwa, watu wasio wazazi wake wa damu, ambao tangu siku hiyo walikuwa na haki juu yake naye juu yao. Alitishwa, alijaribiwa, alifundishwa msamiati ambao wa nje hawakuuelewa, akaapishwa asiseme aliyoyaona. Washiriki walipakwa chokaa nyeupe na kuwa wahusika wa kundi la Ryangombe: huyu Binego, yule Mugasa, mwingine Kagoro. Wahutu, Watutsi na Watwa waliingia, wanaume kwa wanawake, na ndani ya ibada cheo cha nje hakikuwa na kauli. Mwami wa Rwanda mwenyewe hakubandwa, lakini katika makao yake alikuwapo mtu aliyeitwa mfalme wa imandwa. Jamii iliyolinda mambo yake kiasi hicho ndiyo hiyo hiyo iliyopanda mti uani ili kila mpita njia auone. Umuko ni mti wa miiba unaotoa maua mekundu kama makaa, na kwa mujibu wa masimulizi ndio uliompokea Ryangombe alipojeruhiwa na nyati. Ukipandwa kwa ajili ya ibada huitwa umurinzi, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: ni mlinzi. Chini yake ndipo ibada ilipofanyika. Mgeni kutoka kilima cha mbali, akiuona mti ule, hakuambiwa hata neno moja la siri, lakini alijua kwamba katika nyumba ile wamo watu ambao, ikiwa naye amebandwa, hawawezi kumfukuza kama mgeni.

Mtu anaweza kupinga kwamba mti ule ulikuwa kibao tu, na kilichoipa jamii uhai ni yale yaliyokuwa nyuma yake. Kibao hakiuzi dukani kusiko na bidhaa. Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake linapatikana kilomita chache kutoka mpakani. Nyundo, misheni iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, ndipo Aloys Bigirumwami alipokuwa askofu tangu 1952, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika makoloni ya Ubelgiji. Wamisionari waliomlea walikuwa wameikataza ibada ya Ryangombe kwa nguvu zote. Hata hivyo Bigirumwami alitumia miaka mingi kukusanya mila, miiko na ibada za Wanyarwanda, za imandwa zikiwamo, na kuzichapisha kwa Kinyarwanda. Yale yaliyofichwa kwa viapo yakawa maandishi ambayo yeyote ajuaye kusoma angeweza kuyafungua mezani. Kama siri ndiyo iliyokuwa bidhaa, kila msomaji angetoka na sehemu ya nguvu ya jamii ile. Hakuna aliyetoka nayo. Msomaji alipata maneno, lakini hakupata baba wa kubandwa wa kumwendea njaa ikiingia, wala nyumba ya kupokelewa akiwa safarini. Kazi ya askofu huyo naiheshimu sana, na sehemu ya heshima hiyo ni kwa ajili ya jambo hili ambalo pengine hakukusudia kulithibitisha: siri inaweza kuhifadhiwa na maktaba, lakini wajibu huhifadhiwa na watu wanaotambuana.

Kunywana, udugu wa damu wa Kinyarwanda, unaonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Watu wawili walichanjwa tumboni karibu na kitovu, wakanywa damu kila mmoja ya mwenzake, wakaapa kutosalitiana. Waswahili wa misafara waliujua mkataba wa aina hiyo kwa jina la kuchanjiana. Ulikuwa na nguvu ya kutisha, lakini ulifunga wawili tu, kwa kuwa kovu lililofunikwa na nguo halisomwi na mtu wa tatu.

Jeshi la Wabelgiji lilipovuka hapa mwaka 1916, likaitwaa Rwanda na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, lilipita katika nchi ambazo tayari zilikuwa na aina nyingine ya udugu, usio na siri hata chembe. Udugu huo ni beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta, iliyozaliwa pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikaingia bara pamoja na askari, makarani na wapagazi. Mombasa walikuwapo washindani wawili, Kingi na Scotchi. Dar es Salaam na miji ya bara walikuwapo Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na sare zake, vyeo vyake vya kijeshi na vya kifalme, tarumbeta zake na gwaride lake, na kila upande ulijitahidi kuwa nadhifu kuliko mwingine. Watawala wa kikoloni wengine waliwacheka, wengine waliwashuku. Hukumu iliyodumu ni kwamba watu wale walimwiga Mzungu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alionyesha jinsi hukumu hiyo ilivyo finyu: mashindano ya beni yalirithi ushindani wa mitaa wa zamani, kama ule wa Mkomani na Langoni kule Lamu, na vyama vyenyewe vilisaidia wanachama katika ugonjwa na maziko. Mimi ningeongeza jambo moja. Karani aliyehamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine alifika pasipo na ukoo wake. Vazi la Marini ndilo lililomtambulisha jioni ya kwanza, na mwenye Marini mji ule alikuwa na wa kumuuguza na wa kumzika. Hata kama kitambaa kilikatwa kwa mtindo wa Mzungu, deni lililoshonwa ndani yake halikuwa la Mzungu.

Lugha yetu imelihifadhi wazo hilo katika neno moja. Sare ni vazi la kufanana, na sare ni matokeo ya mchezo ambao hakuna aliyemshinda mwenzake. Wanawake wa pwani wanaovaa kanga za aina moja harusini wanasema yote mawili kwa pamoja.

Medali na rozari ambazo mapadri waliwavika wakatekumeni, kanzu na kofia za Waislamu waliokuja na askari wa Kijerumani na wafanyabiashara, bendera za tarika ya Kadiria iliyoenea kutoka pwani hadi Ujiji na kuvuka ziwa kuingia Kongo: hizo nazipita haraka, kwa kuwa zinafuata njia ile ile. Ila inafaa kukumbuka kwamba medali haikuja mahali patupu. Mwami Mutara Rudahigwa alipobatizwa mwaka 1943, watu waliomfuata walikuwa wazoefu wa kuingizwa, kupewa jina, kupewa wazazi wasio wa damu na kuonyesha kwa alama kwamba wameingia. Ubatizo uliyakuta masikio yaliyokwisha kufundishwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote limo katika historia ya mpaka huu huu, na mwandishi anayelikwepa hastahili kusomwa. Miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na waliosomwa Watutsi waliuawa. Interahamwe, tawi la vijana la chama kilichotawala, walikuwa na vitenge vyao vya sare, nyimbo zao na mikutano yao. Walikuwa udugu unaojionyesha hadharani kuliko wowote. Mwezi Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya watu walimiminika kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache, na miongoni mwao walikuwamo waliovaa sare hizo na kuua. Basi mtu atauliza: alama iliyo deni iko wapi hapo?

Kitambulisho cha kabila ni rahisi kukieleza, kwa kuwa hakikuwa alama ya udugu kamwe. Aliyekibeba hakukiomba, hakikumpa ndugu, na kilimsemea mbele ya watu aliopaswa kuwaogopa. Kitenge cha Interahamwe ni kigumu zaidi, maana wengi walikivaa kwa hiari na kilibeba wajibu kweli: wajibu kwa wenzake wa chama, uliokwenda mpaka mauaji. Siwezi kudai kwamba haukuwa udugu. Ninachoweza kusema ni kwamba ulikuwa na alama iliyoelekezwa upande mmoja. Mti wa umurinzi ulimpa mpita njia haki ya kubisha hodi. Kitenge kile kilimnyang'anya hata haki ya kuuliza, kwa kuwa hapakuwa na mzee, korti wala mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kupokea malalamiko dhidi ya aliyekivaa. Alama haiwezi kujilinda yenyewe isigeuzwe. Inategemea kama jamii nzima, pamoja na walio nje ya chama, bado ina pa kumshitakia mwenye alama. Rwanda ilipofuta kabila katika vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari, iliondoa alama moja, na ilikuwa sawa kuiondoa. Haja ya watu kutambuana haikuondoka nayo.

Haja hiyo inaonekana Petite Barrière kila asubuhi. Gisenyi ndipo Rwanda, Burundi na Zaire ziliposaini mkataba wa CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, tarehe 20 Septemba 1976 ili watu na bidhaa wapite kwa urahisi, lakini mikataba ya serikali haimwambii mwanamke wa Birere kama muuzaji wa nyanya kutoka Rubavu atarudi kesho na pesa yake. Ushirika ndio unaomwambia. Wachuuzi, wengi wao wanawake, wamejiunga katika ushirika na katika vikundi vya kuchangiana, ikimina upande huu na likelemba upande wa pili, ndugu wa upatu wetu wa pwani. Tarehe 8 Machi wanawake wa Goma hujitokeza kwa vitenge vya sare. Wapo wanaolalamika kwamba kitenge ni ghali na kwamba asiyeweza kukinunua huachwa nje, na hilo ni kweli. Chama kinachowapima watu kwa bei ya kitambaa kimejikata mguu. Bado nadhani sababu ya kuvaa ni ile ile ya beni. Mwendesha pikipiki wa Rubavu aliyevaa jile yenye namba hajipambi. Abiria aliyesahau mzigo anajua namba ya kuitaja.

Mpaka ulipofungwa kwa watembea kwa miguu mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, mizigo ikabaki kupita kwa malori, na aliyekuwa akivuka na beseni moja kichwani hakuwa na lori. Waliofaulu kuendelea ni wale walioweza kuchanga bidhaa zao pamoja na kumkabidhi mmoja pesa za wengi.

Na wapo watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa hapa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Maumbile au ajali ziliwapa alama ambayo hawakuichagua, na ambayo kwingineko huwafanya waonewe huruma au waepukwe. Hapa wamejiunga katika vyama vyao pande zote mbili, na ile baiskeli iliyopakiwa hadi juu, ikisukumwa na vijana kupanda kuelekea kizuizi, imekuwa kitambulisho cha kazi. Mwenye mzigo hubaki ng'ambo. Anamkabidhi dereva magunia ya watu watano au sita, na anachokitazama kabla ya kuondoka ni baiskeli yenyewe, ili aitambue jioni itakaporudi.