Je, namna ya kulala huzeesha uso? Yanayojulikana kuhusu makunyanzi ya usingizi, jua na mukorogo

Anayelala kwa ubavu hulikandamiza shavu moja juu ya mto kwa saa kadhaa kila usiku, na huamka akiwa na mistari usoni. Kwa kijana, mistari hiyo hutoweka kabla ya chai ya asubuhi. Kwa aliyevuka miaka 40, huweza kubaki hadi adhuhuri, na kadiri umri unavyosonga, baadhi yake haiondoki tena.

Kutokana na hali hiyo limezuka swali ambalo wauzaji wa mito na vipodozi wamelifanya biashara: je, kubadilisha namna ya kulala kunaweza kuchelewesha uzee wa ngozi?

Sayansi inajibu kwamba mto una mchango wake, lakini mchango huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa jua, wa tumbaku na wa vipodozi vyenye kemikali hatari. Kwa wakazi wa Mururu, sekta ya wilaya ya Rusizi inayotazamana na Kongo ng'ambo ya mto Rusizi, tofauti hiyo si jambo dogo. Wanaishi karibu na ikweta, katika nyanda za juu, na wengi wao hushinda nje: shambani, ziwani au katika njia ya kuelekea mpakani na Bukavu. Anayetumia fedha zake kununua mto maalumu huku akitembea mchana kutwa bila kofia huwa ameziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Makunyanzi ya usingizi ni nini?

Mwaka 1987 daktari wa ngozi wa Marekani, Samuel Stegman, aliandika kuhusu mistari ya uso isiyotokana na kucheka wala kukunja kipaji, bali na kukandamizwa kwa uso wakati wa usingizi. Mwaka 2016 madaktari Goesel Anson, Michael Kane na Val Lambros walilirejea suala hilo kwa kina katika jarida la upasuaji wa urembo, Aesthetic Surgery Journal.

Kwa mujibu wa maelezo yao, makunyanzi ya uso yako ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mwondoko wa misuli: mistari ya mlalo kwenye kipaji, ile iliyo kati ya nyusi, na ile inayotawanyika pembeni mwa macho mtu anapocheka. Hiyo hukatiza mwelekeo wa misuli iliyoisababisha. Ya pili ni ya usingizi. Hutokea pale ngozi inapokunjwa kati ya mfupa na mto, na aghalabu hupita kwa wima au mshazari pembeni mwa kipaji, kando ya jicho, shavuni na karibu na midomo.

Tofauti hiyo ina maana katika tiba. Sindano za sumu ya botulinamu, ambazo hulegeza misuli, huweza kupunguza mistari ya namna ya kwanza. Haziwezi kufanya hivyo kwa mistari ya usingizi, kwa kuwa hiyo haikusababishwa na misuli.

Mto unavyofanya kazi yake

Mtu anapolala kwa ubavu au kifudifudi, uso wake hupatwa na nguvu tatu kwa pamoja. Uzito wa kichwa huikandamiza ngozi, mwili unapojigeuza huivuta, na kitambaa cha mto huisugua upande mmoja huku nyama iliyo chini yake ikielekea upande mwingine. Anayelala chali huepukana na karibu nguvu zote hizo.

Ngozi changa huhimili mikunjo hiyo kwa sababu ina kolajeni na elastini za kutosha. Kolajeni ni nyuzi zinazoipa ngozi uimara, na elastini huiwezesha kurudi mahali pake baada ya kuvutwa. Inakadiriwa kwamba mtu mzima hupoteza takribani asilimia 1 ya kolajeni ya ngozi kila mwaka, na kwa wanawake upotevu huongezeka baada ya hedhi kukoma. Ndiyo maana mto uleule usiomwachia alama binti wa miaka 20 humwachia mama yake.

Ushahidi una mipaka

Endapo ubavu wa kulalia ungekuwa chanzo kikuu cha uzee wa uso, upande unaolaliwa ungekuwa na makunyanzi mengi kuliko wa pili. Mwaka 2013 daktari wa Marekani, Brett Kotlus, alichapisha uchunguzi uliowahusisha wanawake 100, akalinganisha nusu mbili za nyuso zao na upande waliosema huupendelea wanapolala. Hakupata uhusiano wa wazi kati ya mambo hayo mawili.

Sababu mojawapo ni kwamba binadamu hatulii usingizini. Watafiti waliowafunga vifaa vya kupima mwendo watu 664 nchini Denmark walichapisha matokeo yao mwaka 2017. Walibaini kwamba kwa wastani mtu mzima hukaa kwa ubavu zaidi ya nusu ya muda wake kitandani, chali zaidi kidogo ya theluthi moja, na kifudifudi takribani asilimia 7 tu. Aidha, hubadilisha mkao zaidi ya mara moja kila saa. Anayedai kwamba yeye hulala upande mmoja usiku kucha anaeleza namna alivyolala, si namna alivyokesha.

Kuhusu foronya za hariri, ni kweli kwamba kitambaa laini hupunguza msuguano. Hata hivyo hakiondoi uzito wa kichwa, na uzito huo ndio unaoikunja ngozi.

Jua, mzeeshaji mkuu

Ushahidi kuhusu jua ni mzito zaidi. Mwezi Aprili 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa ameendesha lori kwa miaka 28. Nusu ya kushoto ya uso wake, iliyoelekea dirishani, ilikuwa imejaa mikunjo mizito na ngozi iliyonenepa. Nusu ya kulia ilionekana ya mtu mdogo kwa miaka mingi. Miali ya urujuanimno ya aina A, ambayo hupenya kioo cha kawaida cha dirisha na kufika ndani ya ngozi, ndiyo iliyoharibu kolajeni ya upande mmoja.

Somo hilo linawahusu pia madereva wa ukanda huu. Nchini Rwanda na Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva huketi kushoto na shavu lake la kushoto ndilo linalopigwa na jua. Akivuka kuingia Tanzania au Uganda, ambako magari hupita kushoto, atawakuta wenyeji wenzake wa usukani wakichomwa shavu la kulia. Mkao wao usiku hauwezi kufuta kazi ya miaka mingi ya dirisha.

Uthibitisho mwingine ulitoka Nambour, mji wa jimbo la Queensland nchini Australia. Watu wazima 903 waligawanywa kwa makundi: wengine walitakiwa kupaka mafuta ya kuzuia jua kila siku, wengine waliachiwa wapake walivyotaka. Baada ya miaka minne na nusu, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, ngozi za waliopaka kila siku zilionyesha uzee pungufu kwa asilimia 24.

Mazingira ya Rusizi huongeza uzito wa jambo hili. Uso wa Ziwa Kivu uko takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nguvu ya miali ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ubaridi wa asubuhi na mawingu mepesi huwadanganya wengi. Joto hupungua, lakini sehemu kubwa ya miali hiyo huendelea kupenya.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya asili. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi, kwa sababu ya melanini, hutoa kinga ya wastani wa 13.4 dhidi ya miali inayounguza, ilhali la ngozi nyeupe hutoa 3.4. Kwa sababu hiyo makunyanzi huchelewa kwa Waafrika wengi. Lakini kuchelewa si kutofika, na dalili za kwanza kwao huwa mara nyingi ni madoa na rangi isiyolingana kabla ya mistari.

Mukorogo: kuiondoa kinga kwa mikono

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Mtu anayeona madoa au mistari usoni huweza kushawishiwa kutumia krimu za kung'arisha ngozi, zinazojulikana nchini Rwanda kwa jina la mukorogo. Nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali.

Haidrokwinoni huzuia utengenezaji wa melanini, yaani huiondoa ileile kinga iliyotajwa hapo juu. Ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo ni vigumu mno kuyatibu. Steroidi huipunguza ngozi unene hadi mishipa ya damu ikaonekana, na ngozi nyembamba hukunjika upesi. Zebaki hupenya hadi damuni na huharibu figo na mishipa ya fahamu. Aliyeipaka huweza pia kuwaambukiza sumu hiyo watoto kupitia mikono, taulo na mashuka.

Rwanda imepiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hizo. Mwezi Novemba 2018 Rais Paul Kagame aliandika katika mtandao wa Twitter akiitaka Wizara ya Afya na Polisi ya Taifa kulishughulikia tatizo hilo kwa haraka, na msako wa madukani ukafuata. Usimamizi wa vipodozi sasa uko chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka huohuo. Kimataifa, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwaka 2025.

Ambao hawapaswi kulala chali kwa ajili ya uso

Ushauri wa kulala chali ili kuhifadhi uso haumfai kila mtu, na kwa baadhi unaweza kuleta madhara.

Mama mjamzito aliyefikisha wiki 28 anashauriwa kuanza usingizi akiwa amelala kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Mtoto na mfuko wa uzazi hulemea mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mtiririko wa damu kuelekea kwa mtoto hupungua. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti kadhaa, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanawake walioanza usingizi wakiwa chali katika miezi ya mwisho walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kujifungua mtoto aliyekufa. Akiamka na kujikuta chali hana haja ya kuogopa. Ageuke tu na kuendelea kulala.

Anayekoroma sana, au anayekatika pumzi usingizini, naye hali yake huzidi akilala chali. Mwenye kiungulia cha usiku hupata nafuu zaidi akilala kwa ubavu wa kushoto.

Kwa mtoto mchanga, kanuni ni kinyume: alazwe chali kila mara, juu ya godoro gumu, bila mto. Hilo humkinga dhidi ya kifo cha ghafla usingizini.

Yanayofaa kufanywa

Asiye na mojawapo ya hali hizo anaweza kujizoesha kulala chali akipenda, kwa kuweka mto mdogo chini ya magoti ili mgongo upumzike. Iwapo mkao huo unamnyima usingizi, arudie aliouzoea.

Kinga yenye faida kubwa zaidi ni ya mchana: kofia pana, kitenge cha kujifunika au mwavuli, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwenye uwezo apake usoni, shingoni na mikononi mafuta ya kuzuia jua yenye alama ya SPF 30 au zaidi, na ayarudie baada ya saa mbili akiwa nje. Dereva afanye hivyo hata akiwa amefunga kioo. Mvutaji wa sigara aache, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo inayoilisha ngozi.

Krimu zenye tretinoini, ambayo ni jamii ya vitamini A, zimethibitishwa kupunguza makunyanzi, lakini zitumike kwa maelekezo ya daktari na si wakati wa ujauzito.

Aliyekwisha kutumia mukorogo kwa muda mrefu asiuache kimyakimya, bali afike kituo cha afya na chombo alichokuwa akipakia. Kuacha steroidi ghafla huweza kuifanya ngozi iwake na kuvimba, na mhudumu anahitaji kuona kilichoandikwa kwenye lebo. Vivyo hivyo, kidonda cha usoni kisichopona, au doa linalobadilika umbo au rangi, si suala la mto wala la urembo. Lionyeshwe kwa mganga mapema.