Mchezo wa Kutembea na Kusoma Vilivyoachwa

Kila unapowadia mwisho wa Aprili, watu wa Kasulo, wilayani Ngara, huikumbuka ile siku ya mwaka 1994 ambapo wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 wakaja kutua Benaco. Safari hii kumbukumbu hiyo imenijia mahali nisipopadhania: kibandani kwa kijana mmoja akodishaye gemu kando ya barabara ya malori, ambaye, hali wateja wake wakigombania zamu za mpira, yeye alikuwa peke yake kiooni ndani ya nyumba tupu, akifungua kabati moja baada ya jingine. Nilipomwuliza adui yuko wapi, alinijibu kuwa hakuna adui, wala bunduki, wala magoli ya kuhesabu. Kazi ni kutembea na kusoma. Mengi ya tarikhi ifuatayo nimeyapata kwake, na pengine na mapenzi yake yameniambukiza.

Asili ya mbali ni Myst, kisiwa kitupu walichokibuni ndugu wawili wa Kimarekani, Rand na Robyn Miller, mwaka 1993, kikauzwa nakala zaidi ya milioni 6. Lakini humo mafumbo yalikuwa bado mengi. Aliyethubutu zaidi ni Dan Pinchbeck wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambaye mwaka 2008 aliutwaa mchezo wa vita uitwao Half-Life 2, akaondoa silaha na maadui, akabakiza kisiwa cha Uskoti chenye upepo, mtu anayetembea, na sauti isomayo vipande vya barua kwa mwanamke aitwaye Esther. Ulipotengenezwa upya na kuuzwa Februari 2012 kwa jina la Dear Esther, gharama zilirudi kabla ya saa 6 kutimia.

Fitina yenyewe ililipuka Agosti 2013, ilipotoka Gone Home, kazi ya kikundi kidogo cha Portland, Marekani. Binti arejea kutoka Ulaya usiku wa mvua, akuta nyumba ya wazazi wake haina mtu, na mchezaji hubaki kuokota barua, kaseti na karatasi za ukutani mpaka aelewe yaliyomsibu mdogo wake. Wahakiki walisifu, jarida la Polygon likaupa heshima ya mchezo bora wa mwaka. Wanunuzi wengi wakahamaki, wakisema wametoa dola 20 kwa kitu kiishacho kwa saa mbili, kisicho na kushinda wala kushindwa, na wakakazania lile jina la istihizai, "kifananishi cha kutembea", ambalo baadaye wenye michezo yao walilichukua bila haya. Kijana wangu huicheka kadhia hiyo, nami naona ana haki. Kwani katika hadithi za jioni msikilizaji ana kazi gani zaidi ya kuitikia "Pakawa", na ni nani aliyepata kumwambia kwamba hakushiriki? Akinyamaza yeye, msimuliaji naye hana pa kuanzia.

Baadaye ikaja Firewatch, 2016, kisha What Remains of Edith Finch, uliotunukiwa tuzo ya BAFTA ya mchezo bora mwaka 2018, na kelele zikapoa.

Kilichonishika mimi ni tarehe. Nyumba ile ya Gone Home imewekwa Juni 7, 1995, na siku hiyo hapa Benaco palikuwa na mji mzima wa maturubai, watu wakipanga foleni ya mahindi na maji, mji ambao Desemba 1996, kwa amri ya serikali, ulirudishwa Rwanda kwa miguu. Wageni wamebuni nyumba moja ya uongo wakajaza kila droo karatasi zenye maana. Sisi tuliachiwa athari za kweli za maelfu kwa maelfu, nami katika kuzunguka kwangu Kasulo sijaona hata kabati moja lililotengwa kuzihifadhi, ilhali pesa za kukodi mpira wa kiooni hazikosekani. Mwenye kadi ya mgao ya miaka ile, au barua, au picha iliyosahauliwa chini ya godoro, tafadhali asiwashie moto.