Tangi la Ubelgiji, Injini ya Uingereza: Habari za Pikipiki Moja ya Mutwanga

Tulipopita Mutwanga, pale chini ya milima ya Ruwenzori, mzee mmoja alituchukua ghalani kwake, akaondoa magunia ya kahawa, akatuonyesha pikipiki kuukuu. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Mjukuu wake, kijana fundi wa pikipiki za kubebea watu, alitaka kuifufua. Lakini mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kupita mara mbili na mizani yake, na nyumbani fedha zilihitajika. Kijana alipewa muda mpaka mavuno ya kahawa.

Ubavuni mwa tangi zilionekana herufi mbili, FN. Kijana akatuuliza, “Baba, vipuri vya FN vinapatikana wapi?” Tulimwambia kwamba yampasa kwanza kujua kama ile ni FN. Akacheka, akatuonyesha tena herufi zile kwa kidole.

Naam, FN ni jina kubwa. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na mji wa Liège, kwa kutengeneza bunduki za jeshi la Ubelgiji. Mwaka 1901 kikaanza kutengeneza pikipiki, na mwaka 1905 kikatoa pikipiki ya silinda nne, jambo la kustaajabisha siku zile. Alama yake ya zamani ilikuwa bunduki iliyopita katikati ya pedeli za baisikeli. Hapo hapo Herstal vilikuwapo viwanda vingine viwili, Saroléa na Gillet. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji ilikuwa desturi pikipiki za Herstal kushuka Kongo pamoja na watumishi wa serikali, wenye mashamba na mapadre. Wakati huo wamisionari wengi walikuwa wakitembea kwa miguu siku nyingi. Mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann alikufa kwa malaria huko kusini-magharibi ya Afrika, mbali na mganga, wala hapakuwa na chombo cha kumpeleka hospitali. Kwa sababu hiyo rafiki yake, Padre Paul Schulte, alianzisha mwaka 1927 chama cha MIVA cha kuwapatia wamisionari magari, pikipiki, mashua na hata ndege. Kwa hiyo gofu la pikipiki katika ghala la misioni si kitu cha kudharau. Pengine liliwahi kumfikisha padre kwa mgonjwa kabla hajakata roho.

Walakini turudi ghalani. Tulimwambia kijana aache tangi, achukue kitambaa na mafuta ya taa, asafishe ubavu wa injini pale silinda inapokalia. Tangi hutolewa kwa bolti chache tu na kuwekwa jingine. Namba iliyogongwa katika chuma cha injini haihami kwa urahisi. Baada ya kusugua sana zikatokea herufi WM20, na namba nyuma yake. Hiyo si FN kabisa. Ni BSA ya Birmingham, Uingereza, ya namna iliyotengenezwa kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda hicho nacho kilizaliwa katika bunduki, mwaka 1861, na alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Si ajabu: anayejua kutoboa mtutu wa bunduki ajua pia kutoboa silinda.

Kijana hakusadiki mara moja, na twamsifu kwa hilo. Akapima. Silinda ilikuwa na upana wa milimita 82. Lakini hapo ilibidi kuangalia sana, kwa maana BSA ilikuwa na ndugu wawili wenye upana huo huo. M20 pistoni yake hupanda milimita 94, na ujazo wake ni sentimita 496. M21 hupanda milimita 112, na ujazo wake ni 591. Anayepima upana peke yake atadanganyika. Kijana alipima mwendo wa pistoni, akapata 94.

Sasa injini ya Kiingereza iliingiaje katika mwili wa Kibelgiji? Mwezi wa Mei 1940 Wadachi waliivamia Ubelgiji, na viwanda vya Herstal vikaangukia mikononi mwao. Kongo ikabaki haina pa kupata vipuri vya Herstal. Macho yakageukia upande wa Waingereza. BSA nayo ililipatia jeshi pikipiki zaidi ya 120,000, na baada ya vita nyingi ziliuzwa kwa raia. Mzee akakumbuka sasa: baba yake alinunua injini ile ng'ambo ya Kasindi, mwaka reli ilipofika Kasese. Reli hiyo ilifika mwaka 1956. Mhunzi akatengeneza vibao vya chuma vya kuikalisha katika fremu ya FN.

Sababu ya kueleza haya yote ni kwamba kila upande wa pikipiki hiyo wataka soko lake na spana yake. Bolti za Ubelgiji ni za milimita, meno yake yana pembe ya nyuzi 60. Bolti za Kiingereza za wakati ule ni za inchi, na zile za Whitworth zina pembe ya 55. Nati ya milimita yaweza kuanza kuingia katika bolti ya Kiingereza, kisha hukwama. Fundi mwenye nguvu akiisukuma, ameua vyote viwili. Tuliona bolti mbili zilizokwisha kuuawa hivyo.

Mnyororo kadhalika. Pikipiki za Kihindi zinazojaa Butembo na Beni hutumia mnyororo wa 428. Ile 4 ya kwanza yaonyesha nusu inchi kati ya pini na pini. Giya la nyuma la mzee lilitaka 5/8 ya inchi, yaani mnyororo unaoanza na 5.

Vipuri vya Herstal vimekuwa adimu, kwa kuwa viwanda vyote vitatu viliacha pikipiki kabla ya 1970. Yabaki kuwaandikia wakusanyaji wa Ubelgiji. BSA nayo ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini M20 zilikuwa nyingi mno hata leo gasketi, pistoni na valvu zake hutengenezwa upya huko Uingereza. Kabureta ya Amal ina namba yake ubavuni, nayo husaidia kupata vipuri vyake. Wafanyabiashara wa Butembo waliozoea Kampala, Dubai na Guangzhou waweza kuleta kifurushi kama hicho, ila njia ya Beni hadi Kasindi imemwaga damu nyingi tangu mauaji ya 2014, na mwaka 2021 mashambulizi yalifika hata Mutwanga. Watu walikimbia na kuacha maghala yao wazi.

Gasketi na pistoni zilifika kabla ya mavuno, zikiwa zimefungwa ndani ya mzigo wa vitenge. Mnunuzi wa vyuma alipewa masufuria yaliyotoboka, akaenda zake. Mzee amekataza tangi lisiandikwe upya. Kijana bado atafuta magneto, na ameshapanga spana zake katika makopo mawili, moja la inchi, moja la milimita.