Kazi Kwanza, Cheti Baadaye: Walimu wa Chekechea Nchini Kenya

Wengi wa walimu wa kwanza wa chekechea nchini Kenya waliingia kazini bila karatasi yoyote mkononi. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, wakazi wa Mkoa wa Kati walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na akina mama wakatolewa kila siku kwenda kufanya kazi za lazima. Watoto walibaki pamoja chini ya mlezi, ambaye hakuna aliyemuuliza amesoma wapi.

Baada ya uhuru wa 1963 wazazi walijenga nasari kwa harambee. Walimtafuta binti wa kijijini anayejua kusoma, wakamlipa kwa karo waliyochanga. Mwezi ambao karo haikuja, mshahara nao haukuja.

Mafunzo yalianza kuchukua sura mwaka 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilipoanzisha mradi wa elimu ya awali kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mwaka 1980 chekechea zilikabidhiwa Wizara ya Elimu. Kituo cha kitaifa cha mafunzo, NACECE, kiliundwa 1984, na mwaka uliofuata vikaanza kufunguliwa vituo vya wilaya, DICECE.

Kozi ya cheti ilichukua miaka miwili, nayo ilipangwa kwa kufuata kalenda ya shule. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba mwalimu alilala chuoni. Muhula ulipofunguliwa alirudi kwa watoto wake, na mkufunzi akamfuata huko huko darasani kumtazama akifundisha. Utaratibu huu ulitokana zaidi na hali halisi kuliko nadharia: mwalimu wa karo akiondoka miaka miwili mfululizo, nasari inafungwa. Wasiokuwa na msingi wowote walipewa kozi fupi ya wiki tano.

Pwani kulikuwa na njia nyingine. Miaka hiyo ya 1980, Waislamu wa Mombasa, wakisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, walianzisha chekechea za madrasa zilizounganisha elimu ya dini na michezo ya kujifunzia. Wanawake wa mtaani wenyewe ndio waliofundishwa ualimu. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la elimu ya awali. Serikali za kaunti zilipoanza kuajiri baada ya uchaguzi wa 2013, cheti kiligeuka kuwa mlango wa kuingilia. Mwombaji sasa hudaiwa alama za kidato cha nne, cheti au stashahada, na namba ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu. Wakongwe wasio na vyeti, ambao nasari nyingi zilisimama kwa jasho lao, walilazimika kurudi darasani au kuwapisha vijana. Tume huwasajili walimu wa chekechea lakini haiwaajiri. Mshahara wao hutoka kaunti, na hutofautiana kaunti kwa kaunti.