Upekuzi wa Udongo Chini ya Sheli
Kituo cha mafuta, ambacho watu wa Korogwe na Handeni, kama Watanzania wengine wengi, hukiita sheli hata kama jina lililoandikwa juu ya pampu ni la kampuni nyingine kabisa, hujulikana kwa paa lake na taa zake. Lakini mali yake hasa imezikwa, kwa kuwa petroli na dizeli hukaa katika matangi yaliyofukiwa chini ya sakafu ya zege, na tangi la chuma lililokaa miaka mingi katika udongo wenye unyevu halina budi kuliwa na kutu. Tangi likichakaa, au kituo kikifungwa, au barabara ikipanuliwa, tangi hilo hung'olewa. Kung'oa tangi ni neno linalofaa kwa sehemu ya kwanza ya kazi, wala sina shauri la kulibadili. Istilahi inayokosekana ni ya sehemu ya pili, ile ya kuyatafuta mafuta yaliyokwisha kuuingia udongo, nayo ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Mbona isitoshe kusema kupima udongo? Kwa sababu maneno hayo yana wenyewe tayari. Mkulima wa Mkoa wa Tanga akiyasikia, fikira zake huenda Mlingano, wilayani Muheza, kwenye kituo cha utafiti wa mkonge na wa udongo, naye hutazamia kuambiwa shamba lake lina naitrojeni kiasi gani na lataka mbolea ipi. Mhandisi naye hutazamia kuambiwa kama ardhi itauhimili uzito wa jengo. Kati ya hao hakuna anayeuliza kama ardhi imeingiwa na kitu kisichokuwa chake. Kwa hiyo napendekeza tutwae kitenzi kupekua, ambacho ni kazi ya kuku achakurapo ardhi, na ambacho huko forodhani ni kufungua mzigo mpaka kilichofichwa kidhihirike. Na kutokana nacho tupate upekuzi wa udongo, yaani uchunguzi wa ardhi iliyo chini na kandokando ya tangi, ili ijulikane kama mafuta yamevuja, ni mafuta gani, na yamefika wapi.

Kabla ya upekuzi huo kuna hatari ya kuvukwa. Mafuta yaliyobaki hunyonywa, mabomba hukatwa na kuzibwa, na mvuke hutolewa, maana tangi lililomwagwa linaogopwa kuliko lililojaa: mvuke wa petroli huwaka ukiwa baina ya sehemu 1.4 na 7.6 katika kila sehemu 100 za hewa, na mchanganyiko huo haupati nafasi ndani ya tangi lililojaa, ilhali ndani ya tangi lenye matone tu nafasi ni tele. Fauka ya hayo, mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka ukatuama shimoni, miguuni mwa wachimbaji.

Winchi ikishaliinua tangi na kulilaza, mpekuzi hulizunguka, akalikwangua udongo na kulikagua tumbo la chini, hasa pale palipogongwa siku zote na ncha ya ufito wa kupimia kina cha mafuta, kwa kuwa mapigo hayo madogo huila sakafu ya tangi hata ikatoboka, na tundu hilo laweza kuvuja miaka bila ya mtu kutanabahi. Kisha huugeukia udongo. Huondoa tabaka la juu lililokwisha kupigwa na hewa, huchota lililo chini yake katika ncha mbili za tangi, chini ya maungio ya mabomba na chini ya pampu. Shimo likiwa refu hashuki, bali huchota kutoka katika kijiko cha katapila. Chupa ya kioo huijaza mpaka mdomoni, kwani benzini iliyomo ndani ya petroli ni kitu kirukacho upesi, na nafasi ndogo iliyoachwa chini ya kifuniko yatosha kuubatilisha ushahidi. Kisha huifunga, huiandika, na kuiweka katika barafu. Kunusa kwa pua si upekuzi: pua huzoea harufu, na benzini huleta saratani ya damu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za benzini katika lita moja ya maji ya kunywa. Maadamu petroli ina benzini hata sehemu moja tu katika 100, basi lita moja yake yaweza kufikisha kwenye kikomo hicho maji zaidi ya lita 700,000. Hesabu hiyo ingetisha popote, sembuse Handeni, ambako watu wameishi kwa malambo na visima, na kwa maji ya Mto Pangani yanayovutwa kutoka upande wa Korogwe kwa bomba kuu la Handeni, liitwalo HTM. Jirani zetu wa Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, waliyaona mafuta katika mto wao mwaka 2015, baada ya bomba la Mombasa–Nairobi kuvuja. Aidha, tangi lililotumika kabla ya 2006, petroli yenye risasi ilipokuwa haijaachwa katika nchi zetu, lapasa kupekuliwa risasi pia. Wala istilahi hii haitakuwa ya sheli peke yake, kwa kuwa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hata Chongoleani, kilomita 1,443, linapita katika ardhi ya Handeni na Korogwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa udongo ni za 2007. Lakini kiwango hakimshiki mtu bila ya sampuli inayoaminika. Hapo upekuzi wahitaji istilahi ya pili, nami naiita silsila ya amana: kila mkono uipokeao chupa huandika jina, siku na saa, tangu shimoni hadi maabara. Chupa ikipitia kwa dereva asiyetia sahihi baina ya Korogwe na Dar es Salaam, majibu yake hayapokelewi hata yakiwa ya kweli, na shimo halifukiwi mpaka ichotwe nyingine.