Gunia, Malisho na Tani: Kupima Matokeo ya Uwekezaji Hanang na Mbulu

Katika muda wa nusu karne, uwekezaji mkubwa kwenye ardhi ya Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, umepimwa kwanza kwa magunia ya ngano, kisha kwa malisho yaliyopotea, na sasa kwa tani za hewa ukaa. Kila kipimo kilikuwa na wataalamu wake, na kila kimoja kilitoa jibu lililotofautiana na la mwenzake. Kata za Hirbadaw, Basotu, Mulbadaw na Gehandu ziko Hanang, wilaya ambamo historia hiyo imeacha alama wazi: mashamba makubwa ya ngano, mashauri ya ardhi, na koo za wafugaji zilizotawanyika hadi mikoa ya mbali.

Kilimo kikubwa cha ngano kilishika kasi kwenye nyanda za Basotu, chini ya Mlima Hanang, baada ya Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa, NAFCO, kuanzishwa mwaka 1969. Kanada iliingia kama mfadhili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilileta matrekta, kombaini, mbegu, wataalamu na nafasi za masomo, na utafiti wa mbegu ulifanyika kituo cha Selian karibu na Arusha. Mradi ulikua hadi kuwa na mashamba saba, kila moja likiwa na ekari 10,000 hivi: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Eneo lote lililotwaliwa lilikaribia ekari 100,000. Kilimo chenyewe kiliigwa kutoka nyika za Kanada, yaani mashamba mapana yasiyo na miti, mashine nyingi na vibarua wachache.

Tanzania ilikuwa tayari na funzo la aina hiyo. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ulipangwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 baada ya ukaguzi wa wiki chache tu. Ulipofungwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36. Ngano ya Hanang ilikuwa na bahati tofauti, kwa sababu ilistawi kweli. Katika miaka mizuri mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini, na hapo ndipo penye ugumu wa kuyahukumu. Kwa kigezo cha mavuno na fedha za kigeni zilizookolewa, wakaguzi waliotumwa na wafadhili waliweza kuandika kwamba mradi umefaulu. Gharama za vipuri na mafuta kutoka nje ziliwatia wasiwasi baadhi yao. Ila ardhi yenyewe iliingizwa kwenye mahesabu kana kwamba haikuwa na kazi nyingine kabla ya trekta kufika.

Kazi ilikuwepo. Wabarabaig, tawi la Wadatooga, huyagawa malisho yao kwa aina ya udongo, maji na majira, na kila aina ina jina lake. Yaliyothaminiwa kuliko yote yaliitwa muhajega, nayo yalikuwa kwenye udongo wenye rutuba wa nyanda zilezile zilizovutia ngano. Ng'ombe walipelekwa huko mvua zikinyesha na nyasi zikiwa mbichi. Wakati huo maeneo ya kando ya mito na ya miinukoni yalipumzishwa, ili kiangazi kikifika pawe na akiba. Mpita njia wa kiangazi angeona uwanda mtupu usio na mtu wala boma, na angekosea kwa kiasi kile kile ambacho angekosea mtu aliyeingia ghalani kabla ya mavuno akasema wenyewe hawalimi.

Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1980, ndiye aliyeyaweka mambo haya katika lugha inayosomeka na wachumi. Alionyesha kwamba ekari zilizochukuliwa zilikuwa sehemu ndogo ya wilaya, lakini ndizo zilizoubeba mzunguko mzima. Muhajega ilipofungwa, mifugo ilibanwa mwaka mzima kwenye malisho yaliyopaswa kupumzika. Nyasi zikadhoofika na maziwa yakapungua. Mashambani nako udongo uliobaki wazi baada ya kulimwa kwa mashine ulichimbwa na mvua ukawa makorongo. Njia za ng'ombe kwenda majini na kwenye chumvi zilikatwa. Bung'eda, vilima vya makaburi ya wazee wenye heshima, vilipitiwa na majembe ya matrekta. Hasara hiyo ya mwisho haikuwa na safu katika jedwali lolote la faida na gharama, na ni vigumu kufikiria safu hiyo ingejazwa kwa namba gani.

Kwa kuwa wakaguzi hawakuipima hasara hiyo, ilipelekwa mahakamani. Shauri la Baraza la Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 dhidi ya NAFCO lilifunguliwa Arusha mwaka 1981. Wanakijiji walipata ushindi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua. Mojawapo ya hoja zilizowaangusha ni kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Hivyo watu waliofukuzwa kwenye ardhi ya Hanang walitakiwa kuonyesha uenyeji wao kwa kipimo cha sheria ya kikoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilitoa amri za kufuta haki za kimila kwenye maeneo hayo.

Upepo ulibadilika polepole. Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilianza kazi mwaka 1991 na kusikiliza malalamiko ya vijijini nchi nzima. Desemba 1994, katika shauri la Lohay Akonaay lililotoka Kambi ya Simba, wakati huo ndani ya Wilaya ya Mbulu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kanada ilikuwa imekwisha kujitoa kwenye ngano. Baadaye NAFCO ilivunjwa, mashamba mengine yakabinafsishwa na mengine yakagawiwa wananchi. Wabarabaig wengi hawakuwepo kupokea, maana walikuwa wamekwisha kuhamia Singida, Morogoro, Mbeya na kwingineko.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo iliyofungua ukurasa uliofuata, safari hii upande wa Mbulu. Katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe, ambao maisha yao ya kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi hayawezekani bila msitu. Mwaka 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, jambo lililokuwa geni nchini. Juu ya hati hiyo ukajengwa mradi wa kampuni ya Carbon Tanzania wa kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na misitu ya Domanga na Mongo wa Mono. Baadaye mradi ulipanuka kuelekea Eyasi na kufikia zaidi ya hekta 100,000.

Upimaji wa Yaeda huanza na utepe. Kwenye viwanja vya sampuli, shina la kila mti huzungushiwa utepe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha kipenyo na aina ya mti huandikwa. Kwa kanuni za hesabu zilizotokana na miti iliyowahi kukatwa na kupimwa uzito, kipenyo hugeuzwa kuwa uzito mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kaboni ikizidishwa kwa 3.67 hupatikana uzito wa hewa ukaa. Mti wenye tani moja ya uzito mkavu hubeba hewa ukaa ya tani 1.7 hivi. Picha za setilaiti huonyesha msitu ulipofyekwa, na walinzi wa misitu wa vijiji huandika wanachokikuta doria: shamba jipya, kambi, nyayo za wanyama.

Hesabu hizo ndizo sehemu rahisi. Kinachouzwa ni miti ambayo ingekatwa kama mradi usingekuwepo, na miti hiyo haiwezi kuzungushiwa utepe. Makadirio ya ukataji huo hutokana na kasi ya ufyekaji wa miaka iliyotangulia na hali ya maeneo jirani. Makadirio yakiwekwa juu mno, mnunuzi wa Ulaya anauziwa tani zisizokuwepo, na kasoro hiyo imekosolewa katika miradi mingi ya misitu duniani. Swali la pili ni uvujaji: mkulima au mfugaji aliyezuiwa hapa amekwenda kufyeka wapi? Wanaokagua miradi ya kaboni wanalazimika kulijibu. Lingeulizwa Basotu mwaka 1975, mizania ya ngano ingesomeka vingine kabisa, kwa sababu ng'ombe waliotolewa kwenye muhajega hawakuyeyuka, walikwenda kula nyasi za watu wengine.

Kiwango cha Plan Vivo, kinachotumika Yaeda, kinataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iwafikie wanajamii. Fedha huingia kwenye akaunti za vijiji, na matumizi hujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Zimelipa posho za walinzi, matibabu na ada za shule. Haya ni matokeo yanayohesabika. Ni vigumu zaidi kupima kama Mhadzabe anayeishi kwa kuwinda ana sauti sawa na jirani yake mkulima mkutanoni, na orodha ya malipo haijibu hilo.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, na uratibu ukawekwa kwenye Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa hiyo tani za Yaeda sasa zinaandikishwa nchini na kukaguliwa. Malisho yaliyopotea Hanang yalipimwa na mtafiti aliyefika wakati matrekta yalikuwa yamekwisha kupita, na wala hayajawahi kulipwa kwa thamani hiyo.